Kidari cha Mjomba

Katika ukoo wetu binti haendi kwa mumewe mpaka mjomba wa baba yake ale kidari cha mbuzi mbele ya watu, kisha ambariki. Mjomba akishindwa kula, nafasi yake huchukuliwa na mdogo wake, na hairudi tena. Nimewauliza wazee wengi desturi hii ilianzia wapi, hakuna anayejua.

Siku tuliyomuaga binti yangu, hapa nyumbani Miyuji, mjomba wangu alifika kutoka kijijini amevaa koti lake la sherehe, kinywani hana jino hata moja. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alimtazama kinywani.

Sinia likawekwa mbele yake. Akakata kipande, akakizungusha mdomoni muda mrefu. Hakikupita. Akakitoa, akakificha kiganjani.

“Kaka, wewe kunywa supu,” mdogo wake akamwambia taratibu. “Hicho kidari nipe mimi tumalize shughuli.”

Mjomba akalishika sinia kwa mikono miwili. “Bado nipo.”

Binti yangu akamchokoza, kama wajukuu wanavyowatania babu zao. “Mume wangu, meno umeyaacha kwa mke gani?”

“Wewe ndiye uliyenipikia mbuzi mgumu kama kandambili!”

Watu wakacheka, lakini mjomba hakuliachia sinia.

Mama akainuka, akauchukua ule mnofu, akaenda nao jikoni. Tukasikia mchi ukigonga kinu. Nikamfuata nimsaidie; akanisukuma kwa kiwiko.

“Huyu nimemlea mimi. Mama akiwa shambani, mimi ndiye niliyekuwa namtafunia. Kaa pembeni.”

Aliutwanga mpaka ukawa laini kama uji mzito, akaulowesha kwa mchuzi, akaurudisha mbele ya mjomba ukiwa kwenye bakuli.

“Dada, hivyo ndivyo inavyoruhusiwa?” akauliza yule mdogo wao.

“Tumeambiwa ale. Nani alisema lazima atafune?”

Mjomba akala polepole, macho yake kwenye bakuli, mpaka likabaki tonge moja. Binti yangu akapiga magoti mbele yake kungoja baraka.

“Subiri kidogo, mke wangu,” akamwambia.

Akalichukua lile tonge, akamgeukia mama yangu. “Dada, fumbua mdomo.”

Mama akafumbua. Ndipo mjomba akaweka mkono wake, bado una mafuta, juu ya kichwa cha binti yangu.