Beberu wa Ntheo Kwenye Njia ya Kilungu

Mwalimu Nthenya, mjane wa marehemu Ndeti, hakuweza kumvumilia shemeji yake Mutunga hata wakiwa wametenganishwa na meza. Agosti ile ya mwaka 1971 ilimbidi amvumilie mlima mzima. Walikuwa wakipeleka mbuzi watatu wa ntheo kwa kina Mbula, mchumba wa mwanawe Mulei. Bila mbuzi hao binti hahesabiwi kuwa mke wa mtu, na kupeleka mwenye kilema ni kuutukana ukoo wa watu. Mutunga ndiye msemaji, maana bwana arusi hajisemei na hakubaki mwanamume mwingine nyumbani. Ndiye pia aliyewachagua mbuzi sokoni Salama.

Walikwisha kuvuka kilango cha kwanza, pale njia inapopenya katikati ya vilele, na sasa walifuata mgongo wa mlima kuelekea kilango cha pili. Huku juu baridi iliuma kama siafu. Mutunga alitangulia akinusa ugoro, akipenga kamasi kwa vidole na kuvipangusia mgongoni mwa beberu mweusi. Nthenya alitazama kando.

"Mwalimu, mbona umenuna? Viatu vinakubana?"

"Kinachonibana ni wewe, shemeji. Jifute kwa majani kama watu."

Ukungu ulishuka, ukageuka manyunyu. Beberu akateleza jiweni, Nthenya akamdaka shingo. Kiganja kilirudi cheusi tititi, kinanata. Masizi na mafuta ya mbarika! Chini yake ngozi ilikuwa upele mtupu, unatoka usaha, na manyoya yakambakia mkononi.

"Mutunga! Jumanne nilimwona beberu mzima!"

"Nilibadilishana kidogo tu na muuza kaluvu," alisema Mutunga, akicheua ile pombe ya asali. "Usipige kelele. Mwambie Mzee Kilonzo kwamba beberu alianguka korongoni. Nani atapanda huku kuuliza?"

Nthenya alimfukuza arudi alikotoka na mzoga wake unaotembea. Mwenyewe akavuka kilango cha pili akiwaswaga wawili waliobaki, akashuka hadi uani kwa Mzee Kilonzo, babake Mbula. Jamaa wote walikuwa wamekaa wakingoja.

"Mama Mulei, wa tatu yuko wapi?"

"Alianguka korongoni."

Lilimtoka kabla hajafikiri, akalionja mdomoni kama maziwa yaliyooza. Yeye, na shule yake yote, amelisema la mlevi neno kwa neno!

"Pole, mama! Nyama isiliwe na fisi. Vijana, kamba na panga, mkamtafute!"

Vijana wakainuka mbio. Huko juu njiani wangemkuta Mutunga na beberu wake.

"Msiende," alisema Nthenya. "Hakuanguka. Ana upele, tena alipakwa masizi, na aliyempaka ni msemaji wetu mwenyewe. Nimewadanganya."

Mwanamke mmoja akasonya. Mwingine akasema, "Ndiyo hao wenye kujiita wasomi."

"Basi ntheo haijatimia," alisema Kilonzo.

"Haijatimia. Jumamosi nitamleta wa tatu."

"Na msemaji? Yule mchafu hatakanyaga hapa."

"Nitasema mimi."

"Mwanamke aseme ntheo?"

"Mzee, wanao watatu mimi ndiye niliyewafundisha kusoma. Siku ile hukuuliza kama mimi ni mwanamke."

Kilonzo alikohoa. Akainuka, akawapapasa wale wawili kuanzia pembe hadi kwato, akachungulia meno, akanusa viganja vyake. Nthenya alisimama wima akipapaswa ukoo wake mbele za watu.

"Wapeni maji," mzee alisema hatimaye. "Hawa nimewapokea. Jumamosi, mwalimu, njoo mapema. Tutamwosha huyo wa tatu kwanza."