Ajali ya Kwao

Nilipokuwa mtoto, magari ya Matrah yalikuwa ya kuhesabika, na mojawapo lilikuwa haliendi. Lilikuwa la tajiri mwenye duka la vitambaa: gari la Kimarekani, refu, rangi ya samli, gia zake vitufe katikati ya usukani. Waliolitengeneza walilipigia debe dunia nzima. Watu wakaicheka sura yake, ile pua iliyosimama wima, na baada ya miaka michache tu wakaacha kulitengeneza. Yaliyokwisha uzwa yakabaki duniani bila jamaa.

Baba aliyajua. Unguja alikuwa dereva wa gari kama hilo hilo, la mfanyabiashara wa karafuu, mpaka mapinduzi yalipotutoa kule na nguo za mwilini. Unguja walimwita Mmanga, yaani Mwarabu; Matrah, kwa Waarabu wenyewe, wakamwita Mzinjibari, mtu wa Unguja. Tulipewa chumba kwa ndugu wa bibi, lakini kazi hakupata. Wanaume wenziwe walikuwa wakiondoka kwenda Kuwait, na kila sala mama aliomba jambo moja, baba apate kazi hapa hapa, asiende.

Ndipo tajiri alipomwita. Gari likienda, yeye ndiye dereva wake.

Asubuhi nzima baba alilala chini ya lile gari, nami nimekaa kizingitini. Akatoka na vumbi mpaka kwenye nyusi, anacheka. Ugonjwa haukuwa wa kiwandani. Gari liligonga nguzo ya lango, waya za vitufe zikabanwa, basi. Kazi ndogo.

Tajiri akauliza kwa Kiarabu, lina nini? Kiarabu cha baba kilikuwa cha sala. Alipokosa neno, alichukua la Kiswahili akalitia lafudhi.

"Ajal," akasema kwa furaha. "Ajal, bas."

Kwetu ajali ni kugongana, kuanguka, kuvunjika. Kwao ni siku ya kufa iliyoandikiwa mtu, ambayo ikifika haisogei.

Tajiri akatikisa kichwa. "Hata Amerika wamekwisha lizika," akasema. Waliokuwepo wakacheka, na baba akacheka nao, akampa mkono. Akarudi mbio kumwambia mama, "Nimepata kazi!"

Kesho yake punda walilivuta gari hadi Darsait, likatupwa kwenye ua wa makuti. Tajiri akaagiza jipu, na dereva wa jipu akawa mpwawe. Baba alikwenda kujieleza. Alipewa kahawa, akapewa tende, akaambiwa ndivyo Mungu alivyopanga.

Jirani ndiye aliyemfafanulia mama lile neno. Mama alicheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki peke yake.

"Yaani umeliua kwa mdomo wako, baba watoto? Unaitwa kutibu, wewe unasoma khitma ya maiti!"

"Kiarabu chao hicho," baba akasema. "Nna kosa gani miye?" Lakini chai yake ilipoa mkononi.

Kabla ya kupanda meli ya Kuwait alinichukua Darsait. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Aliniweka mapajani, akashika kidole changu, tukabonyeza vitufe kimoja kimoja. Hiki cha kwenda mbele. Hiki cha kurudi nyuma. Hakuna kilichoitika.

"Nikirudi ntaliwasha," akasema.

Nilikwisha pata meno mapya ya mbele siku mgeni kutoka Kuwait aliposimama mlangoni kwetu, kilemba mkononi, akisema na mama kwa Kiarabu, polepole, akiangalia chini. Katika maneno yake yote nilidaka moja tu ninalolijua. Nikamrukia mama, nikamvuta buibui.

"Baba kapata ajali? Kaumia wapi, mama? Mguu? Atapona?"

Mama alikuwa amekwisha jifunza lugha zote mbili. Alikaa chini pale pale kizingitini, akanivuta kifuani.

"Ni ajali ya kwao, mwanangu," akasema. "Si ya kwetu."