Boila Iliyofungwa Bandeji

Juzi, kwenye karakana ya reli ya Lubunga, niliwakuta wanaume waliojifunika uso wakibandua ganda jeupe la boila kuukuu. Mmoja alinizuia: "Mama, usikaribie! Hii ni amiante, asbesto, vumbi yake inaharibu mapafu."

Papa alikuwa fundi wa boila hapo hapo. Alasiri moja nikiwa mtoto, nilipompelekea chakula, nilimkuta amekoroga unga mweupe wa ganda kama lile kwa maji, anaupaka kwenye boila, kisha anauzungushia kitambaa. Palinuka chokaa mbichi na mafuta ya mashine. Jirani yetu aliyevunjika mguu alifungwa vile vile, basi nikaanza kulia.

"Unalilia nini?"

"Papa, masini iko naumia?"

Hakucheka. Alinishika mkono, akaukandamiza kwenye tope lile laini. "Hapana, mwana wangu. Inasikia baridi, tunaivalisha."

Nikaipapasa taratibu, mpaka nikaamini imelala.

Kesho yake baada ya onyo lile la karakanani, nilimpeleka Papa, sasa mzee, hospitali bila kumwambia sababu. Daktari aliitazama sana picha ya kifua, akasema mapafu ni mazima. Papa alivaa shati lake polepole, akauliza kama nyumbani kuna samaki.