Siku Chuma Kiliposhiba

Mwaka 2018 nilikuwa naishi Irving, Texas, na siku nisizo na kazi nilikuwa natafsiri. Wakala wetu wa wakalimani akanipigia simu: kiwanda kimoja cha transfoma huko Carrollton kimeajiri Wakongomani kumi wasiojua Kiingereza, wanataka mtu wa Kiswahili kwa asubuhi moja ya mafunzo. Nikakubali bila kuuliza somo lenyewe. Mimi Mtanzania, tena nimesomea ualimu wa Kiswahili, nilijiona nimekamilika.

Mkufunzi alikuwa mzee wa Kiteksasi, mrefu na mpole. Alianza na neno nisilowahi kulisikia maishani. Nikalivunjavunja moyoni, nikalitoa hivi: "Leo tutajifunza dhoruba za kisumaku zinazotoka kwenye jua."

Wote wakatazama dirishani. Texas ukitaja dhoruba, watu wanawaza kimbunga na bafu la kujifichia. Baba mmoja akanyoosha mkono. "Papa, ikifika tukimbilie wapi?"

Nikamfikishia mkufunzi swali. Akajibu kwamba hakuna wa kukimbia, maana mtu hahisi chochote.

"Sasa hiyo ni zoruba gani?" akasema yule baba, kama amepunjwa.

Mkufunzi akaeleza taratibu: jua likichafuka linausumbua usumaku wa dunia, umeme usiotakiwa unazuka ardhini, unapanda kwenye transfoma kupitia ule waya uliofungwa ardhini kwa usalama, kisha unasafiri kwenye nyaya ndefu za gridi. Mimi nikatafsiri kwa usanifu wangu wote, mkondo huku, uga wa sumaku kule. Nyuso kumi zikanitazama kwa huruma.

Mama mmoja, kazi yake kuzungusha waya wa shaba kwenye koili, akajaribu kuniokoa. "Papa, mukondo ni nini? Ni kuraa?"

"Kura za nini, mama? Hapa hatumchagui mtu."

Walicheka mpaka mkufunzi akaomba naye atafsiriwe. Kumbe umeme wanauita kuraa, neno walilolitoa kwenye Kifaransa.

Kisha likaja neno lililonimaliza. Kile chuma cha katikati ya transfoma, alisema mkufunzi, hufika mahali kisiweze kupokea usumaku zaidi, na Kiingereza kina neno moja tu la hali hiyo. Nikasema, "Chuma kinashiba."

Mama akaitikia kwa kichwa. "Njo vile. Kimeshiba, kinakataa chakula. Chakula kinamwangika inje, kinachoma vyuma vya pembeni. Transfoma inashika moto, inalia."

Nilipomweleza mkufunzi, alivua miwani. Akasema hilo ndilo somo zima alilopanga kulifundisha mpaka saa sita mchana, na kwamba amewahi kuwafundisha wahandisi wakatoka hawajalielewa. Akatupa mapumziko.

Nikamuuliza mama amejuaje. "Bwana yangu alikuwa anatengeneza mashini za kusaga kule Uvira," akasema. "Ikizidiwa, unasikiaka."

Baada ya miezi michache wakampeleka chumba cha majaribio, na Kiingereza chake kikakua. Mimi wakala akaniambia kiwanda hakinihitaji tena, kimepata mtu wake wa ndani. Nilinuna wiki nzima, halafu nikampigia mama simu kumpongeza.

"Papa, kuna nafasi ya kufunga masanduku," akaniambia. "Uombe, nitakusemea."

Nikajaza fomu jioni ileile. Hawakunichukua, walisema sina uzoefu.