Mama alivyochambua vijiti kwenye chai ya baba mkwe mtarajiwa

Wakuu, salamu popote mlipo. Hii imenikuta mwenyewe hapa Toronto na chumvi sijaongeza.

Mama alikuja kutoka Korogwe kunipelekea posa. Mchumba wangu Lin ni Mchina, na baba yake hutengeneza chai nyeusi ya kuvundikwa. Anapitisha majani kwenye mvuke, anayashindilia yawe tofali, kisha anayaacha miezi.

Mzee huyo akaleta mfuko wa majani kwangu, mtaa wa Crescent Town. Jumamosi familia mbili tungeshindilia tofali la kufungua siku ya harusi. Lin akanionya kwamba baba yake bado hajakubali, anataka kwanza atuone.

Nikaenda job. Kurudi, namkuta Mama balcony na sinia, miwani puani, anachambua chai kama mchele.

"Mwanangu, wamekupunja. Nusu yake vijiti."

Kwetu chai yenye vijiti humpi mgeni wa maana, kwa hiyo nikakaa nikamsaidia.

Jumamosi Mzee akaingiza mkono kwenye mfuko wa majani, akapekua. Akauliza vijiti viko wapi. Lin akatafsiri kwa sauti ya msibani.

Kumbe vijiti vina kazi. Vinaacha upenyo ndani ya tofali, hewa inapita, ukungu fulani wa manjano unaota na chai inakuwa tamu. Bila vijiti umeshindilia jiwe.

"Ukungu tena?" Mama akauliza.

Wakuu, niliogopa. Nampenda yule binti.

Bahati nzuri Mama hatupi kitu. Vijiti alivitunza kwenye kopo, eti vya kuwashia moto, na sisi jiko letu la umeme. Akavirudisha, tofali likashindiliwa, lakini posa Mzee bado hajaikubali.

Mama akaandaa kwenye bakuli viungo vya pilau la kuomba radhi, akaenda kuswali. Kurudi, bakuli limebaki bizari tupu. Mdalasini, karafuu na iliki vimepangwa pembeni kwenye leso ya karatasi.

"Mwambie nimemsafishia," Mzee akamwambia Lin, uso mkavu. "Vijiti vilizidi."

Mama alicheka mpaka akashika friji. Mzee naye uvumilivu ukamshinda, akacheka, kisha akamnong'oneza Lin kitu.

"He said yes," Lin akaniambia. Nilitoa machozi, sifichi.

Nilichojifunza: usisafishe cha mtu kabla hujamuuliza kama ni kichafu.

Nyie mliooa au kuolewa ugenini, mliharibu nini ukweni? Mwageni hapa. Mimi nalinda tofali, maana Mama halipiti bila kitambaa cha kufutia ukungu mkononi.