Vikopo Kumi na Tisa

Nyevu Ngowa alikuwa afisa wa afya kwa miaka kumi na saba, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona na sigara mkononi. Hakuwa na haja nayo. Alizaliwa Kaloleni, akasomea kazi yake huko huko pwani, akaletwa kisiwani Mombasa akiwa msichana wa miaka ishirini na minne. Alikagua mabucha, mikahawa, visima na vyoo vya shule, na kwa kuwa sheria ya tumbaku ilikuwa mpya wakati huo na wakubwa hawakuitaka, akapewa yeye.

Akaishika. Wenye maduka wa Bondeni walimjua kwa mwendo wake wa haraka na begi la kijani begani. "Bi Nyevu yuwaja," huambiana, na wale wauzao sigara moja moja huzisukuma chini ya meza. Hakuwa mkali wala hakuwa mtu wa kupokea bahasha. Alikuwa tu mtu asiyeacha jambo akishalianza.

Mwaka jana, mwezi wa Machi, mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi alimpigia simu. Wanafunzi, alisema, walikuwa wakiingia darasani na vitu chini ya mdomo. Havikuwa na moshi wala harufu. Vilikuwa vifuko vyeupe, vidogo kuliko vya majani ya chai, vinavyobanwa baina ya mdomo na ufizi, na ndani mna nikotini. Msichana mmoja alikuwa ameweka viwili kwa pamoja, akaanguka ngazini.

Nyevu alivifuata vifuko hivyo mpaka duka la Bwana Ubaid, mzee wa miaka sitini na kitu aliyeuza sukari, sabuni na mafuta ya nazi. Alivikuta mbele kabisa, kwenye kisanduku cha kioo kinachowaka taa, vikopo arubaini na vinane vya rangi za kupendeza.

"Mwanangu, hizi si sigara," Bwana Ubaid alisema. "Yule kijana wa kampuni kaniambia ni kama peremende. Hata hicho kisanduku kaniletea yeye."

"Onyo li wapi, Bwana Ubaid? Kikopo hakisemi kitu."

"Kwani nimekiandika mimi?"

Hakuwa amekiandika yeye, na Nyevu alilijua hilo. Lakini waliokitengeneza walikuwa mbali, na duka la Bwana Ubaid lilikuwa hapa. Alivihesabu vikopo mbele yake, wakatia sahihi wote wawili, akavibeba mpaka ofisini na kuvifungia kabatini. Ufunguo ukabaki kwake.

Bi Maisara, mkubwa wake, alifurahi kupita kiasi. Kulikuwa na mswada mbele ya bunge la kaunti wa kuviingiza vifuko katika sheria sawa na sigara, na watu wa kampuni walikuwa wakienda kila kikao na kusema kitu kisicho na jani la tumbaku hakiwezi kuitwa tumbaku. "Nataka kesi moja tu," Bi Maisara alimwambia. "Tukishinda moja, hawatatwambia tena kuwa twapigana na vivuli. Niandikie ripoti. Eleza kifuko kinamfanya nini mtu."

Nyevu akaandika. Bi Maisara akasoma, akamrudishia. "Waandika kama mtu aliyesikia kwa jirani," alisema.

Ndipo ilipoanzia. Alasiri moja wenzake walikuwa wametoka kwenda kukagua soko, naye amebaki na ile ripoti. Miezi hiyo alikuwa halali vizuri; mumewe Levi, mfanyakazi wa reli, alikuwa amehamishiwa zamu za alfajiri, na kengele ya simu yake iliwaamsha wote wawili. Kichwa kilikuwa kizito. Alifungua kabati, akachukua kikopo kimoja, akabana kifuko chini ya mdomo kama alivyoona vijana wakifanya. Kilimwasha. Chumba kilizunguka kidogo, mate yakamjaa, akadhani atatapika. Kisha ule uzito ukaondoka kichwani kana kwamba mtu amefungua dirisha. Aliimaliza ripoti kwa saa moja, na Bi Maisara akasema sasa ndiyo ripoti.

Siku ya pili alikifungua tena kile kikopo. Alijiambia ni kwa kuhakikisha.

Ajabu ni kwamba alikuwa akijua. Alikijua kila kinachomfika kwa jina lake la kitabuni: siku ya ngapi mwili utaanza kudai, kwa nini mikono inakuwa baridi, kwa nini asubuhi ana hasira na watu wasiomkosea. Alijitazama mwenyewe kama anavyotazama kisima kilichoingia maji machafu, akijua uchafu umepita wapi. Kujua hakukumsaidia hata kidogo. Kikopo cha kwanza kilikwisha kwa wiki mbili, cha pili kwa siku sita. Kufikia mwezi wa Mei kikopo kilikuwa hakimalizi siku nne, kisha tatu.

Mwezi huo alialikwa shule moja ya Buxton kuwazungumzia wanafunzi juu ya vifuko. Alisimama mbele ya vijana mia moja, kimoja kikiwa kimebanwa juu ya meno yake, akasema yote aliyopaswa kusema. Mwisho msichana mmoja akainua mkono.

"Madam, mtu akishaanza, anaweza kuacha?"

"Anaweza," Nyevu akajibu, na mdomo wake ukionja mnanaa wa kile kifuko. "Akitaka."

Wakampigia makofi. Alitoka kupitia mlango wa nyuma.

Alijaribu kuacha. Siku ya kwanza ilipita. Ya pili alimfokea Levi kwa ajili ya chumvi kwenye mchuzi, mpaka Levi, ambaye ni mzee wa kanisa na mtu wa sauti ndogo, akaweka kijiko chini na kumwuliza kama amemkosea. Ya tatu alilia chooni ofisini, bila sababu. Ya nne alifungua kabati. Kwenda kliniki aliona haya. Wahudumu wote wa hapo alikuwa amewafundisha yeye. Kumwambia Levi alishindwa, maana angeanzia wapi? Na kumwambia Bi Maisara kungekuwa kuivunja ile kesi, na kesi ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa mswada mzima.

Barua ya mahakama ikaja mwezi wa Julai: kesi itasikizwa Jumanne, na afisa alete vielelezo vyote. Nyevu alifunga mlango wa ofisi, akavitoa vikopo na kuvipanga mezani. Vilikuwa ishirini na tisa. Alivihesabu tena, kana kwamba vitaongezeka.

Jumamosi alijifunga mtandio, akavua miwani, akateremka Feri. Pale watu wanapomiminika kutoka kwenye kivuko alimkuta mama aitwaye Mbodze aliyeuza barakoa, chaja na, chini ya kitambaa, vikopo vile vile. Nyevu aliwahi kumfukuza hapo mara mbili. Leo Mbodze hakumtambua.

"Nipe ishirini," Nyevu akasema.

"Ishirini! Wauza nawe?"

"Nauza."

"Basi angalia wale watu wa afya, dada. Wasumbufu."

Kumi na tisa vilikuwa vya kabatini. Cha ishirini kilikuwa chake.

Jumanne alipanda kizimba cha mashahidi, akaapa. Bwana Ubaid alikuwa amekaa upande wa pili, kanzu imepigwa pasi, mikono juu ya magoti kama mtu aliye msibani. Mwendesha mashtaka alimuuliza Nyevu maswali ya kawaida naye akayajibu. Kisha akasimama wakili wa utetezi, kijana mpole aitwaye Saif, akaomba aonyeshwe vikopo. Alivichukua kimoja kimoja, akivipindua na kutazama chini. Alifanya hivyo polepole sana. Nyevu akakumbuka kwamba hata sasa alikuwa na kifuko chini ya mdomo, amekula kiapo nacho.

"Afisa, ulivichukua vikopo hivi lini?"

"Tarehe kumi na nne Machi."

"Vyote?"

"Vyote."

"Nisomee hapa chini. Kimetengenezwa lini?"

Maandishi yalikuwa madogo, yamepigwa kwa wino mweusi. Hakuwahi kuyatazama. Yeye, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma tarehe chini ya makopo ya maziwa.

"Juni," akasema.

Watu wakacheka. Saif hakucheka. Alimgeukia hakimu na kusema kwamba ama mteja wake aliuza bidhaa ambazo bado hazijazaliwa, ama afisa huyu amemtengenezea ushahidi mzee asiye na hatia, na aliomba shahidi aulizwe ni lipi kati ya hayo.

Hakimu, mama mwenye miwani, aliweka kalamu chini. "Shahidi, jibu."

Kulikuwa na jibu jepesi. Angesema vikopo vilichanganyika kabatini na vya kesi nyingine, na Bi Maisara, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma, angeutetea uongo huo bila kujua kuwa ni uongo. Lakini alimwona Bwana Ubaid amenyanyua kichwa akimtazama. Hakuwa amekasirika. Alionekana kama anayehofu kwa ajili yake.

"Kumi na tisa nilivinunua Feri, Jumamosi," Nyevu akasema. "Vile vya dukani kwake nilivitumia."

"Ulivitumia vipi?" hakimu akauliza.

"Mdomoni, mheshimiwa. Nilianza ili niandike ripoti. Nimeshindwa kuacha."

Hakuna aliyecheka tena. Mashtaka yalifutwa kabla ya adhuhuri. Nje, kwenye ngazi, Bi Maisara alisimama karibu naye.

"Ungeniambia," alisema. "Mimi ningekuficha."

"Ndiyo sababu sikukwambia, Bi Maisara."

Bi Maisara akatikisa kichwa. "Umetumaliza, Nyevu. Wajua kama umetumaliza?"

Alijua. Wiki hiyo hiyo kampuni ilitoa taarifa ikimwonea huruma afisa kwa matatizo yake binafsi, na kukumbusha umma kwamba bidhaa zake ni za watu wazima wanaojiamulia wenyewe. Kwenye kikao cha mswada mtu mmoja alisoma habari yake gazetini kwa sauti, akauliza serikali itawachunga vipi wananchi ikiwa haiwezi kuchunga kabati. Hakuna aliyeuliza upande mwingine: ni kitu gani hicho, kinachomshika hata mwenye kukikamata? Mswada ukaahirishwa, na bado umeahirishwa.

Levi alizisikia habari kwa mchungaji. Alirudi nyumbani mapema, akakaa kitandani na buti zake za kazi.

"Miezi minne," alisema. "Nami niko hapa hapa."

"Nilikuwa na haya."

"Mimi nilidhani umenichoka."

Levi akazivua buti. Baadaye alimpeleka kliniki mwenyewe, akangoja nje.

Nyevu hakufutwa kazi. Alishushwa cheo na kupelekwa kitengo cha maji, ambako hupima visima na haruhusiwi kushika kielelezo chochote. Bwana Ubaid alirudishiwa vikopo vilivyobaki. Siku moja ya Agosti, Nyevu, akiwa amejaribu tena na kushindwa tena, aliingia dukani kwake kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Kisanduku cha taa kilikuwa kinawaka.

"Kwangu hupati," mzee akamwambia kabla hajafungua mdomo.

"Bwana Ubaid, wauzia kila mtu."

"Nauza, mwanangu, nisipouza, kijana wa kampuni atakipeleka kisanduku kwa jirani. Lakini wewe kwangu hupati. Wataka sukari, nitakupa."

Alinunua sukari kwa kuona haya kutoka mikono mitupu. Kisha akatembea mpaka duka la tatu kutoka hapo.

Sasa ameteremka kutoka vifuko kumi na vitano kwa siku hadi vinne. Muuguzi amemwambia kuwa hayo ni maendeleo makubwa. Nyevu, aliyewafundisha wahudumu wangapi maneno hayo hayo, huitikia kwa kichwa, hupokea tarehe ya kurudi, hutoka. Hivyo vinne vimegoma kabisa. Ameviondoa kwa mpango, kwa maombi ya Levi, kwa kutafuna tangawizi, na kila mara vimerudi. Akiwa amepiga magoti kando ya kisima cha watu, chupa ya kupimia mkononi, huona ulimi wake umekwenda wenyewe juu ya meno, unatafuta.