Siku Niliyojificha Bwawani Mama Mkwe Asinione

Jamani, hii habari nilikuwa nimeapa kuizika, ila Methodi, mmoja wa wanafunzi wangu, ameshaanza kuisimulia huko mtaani kwa namna yake, anasema nililia, na mimi sikulia, yalikuwa maji ya bwawa yale, kwa hiyo bora mniache niiseme mwenyewe na aibu yangu yote. Mpaka leo nikipita karibu na ile hoteli ya njia ya Ruhuwiko nageuza uso upande wa pili, na dereva wa bodaboda namwambia akaze mwendo.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa michezo katika chuo cha ualimu hapa Songea, na kazi yangu hasa ni kufundisha kuogelea. Najua mnacheka. Songea na kuogelea wapi na wapi, mji wa mahindi na baridi, chuo chenyewe hakina bwawa hata la bata. Lakini mimi nimekulia Mbamba Bay kwa bibi mzaa mama, ziwa ndilo lilikuwa uwanja wetu wa kuchezea, na mkuu wa chuo aliposikia hivyo akasema basi tutapeleka timu ya kuogelea kwenye michezo ya vyuo na kocha ni wewe. Nilianza na wanafunzi wanaolala kifudifudi juu ya madawati wakirusha mikono na miguu (wapishi walikuwa wanatoka jikoni kuja kututazama, wanashika mbavu), halafu mkuu akaongea na hiyo hoteli, wakaturuhusu tutumie bwawa lao Jumamosi asubuhi. Miaka ikaenda, timu ikawa timu kweli, na mimi nikawa Kocha mpaka sokoni. Kuna msichana anaitwa Zuhura, mtu wa Tunduru, alikuja chuoni akiogopa hata maji ya ndoo, anaogelea amejifunika kuanzia kichwani mpaka vifundoni, na huyo sasa ndiye niliyekuwa namtegemea kuliko wote. Mshikeni huyo Zuhura, nitamrudia.

Sasa mwaka huo nilikuwa naposa. Msichana mwenyewe ni Ester, kwao Bombambili, na mshenga wangu Mzee Komba alikuwa ameshafika kwao na kupokelewa vizuri, kilichobaki ni jibu la mwisho. Baba yake Ester ni marehemu, kwa hiyo jibu lilikuwa kwa mama. Na huyo mama, jamani! Mwenyekiti wa jumuiya kanisani, hacheki ovyo, ukimpa shikamoo anakutazama kwanza ndiyo anaitikia. Na mnajua kwetu mkwe ni mtu gani. Hampeani mkono, hamli meza moja, ukimwona njiani unapisha pembeni na kutazama chini mpaka apite, na akiwa na neno na wewe anamwambia mtu mwingine akwambie, hata kama umesimama hapo hapo unamsikia. Siku niliyopelekwa kutambulishwa nilivaa suti, nikakaa natazama zulia mpaka nikayajua maua yake yote. Mzee Komba aliwaambia mimi ni mwalimu wa chuo, na ni kweli, ila habari ya maji aliiruka na mimi sikumkumbusha.

Basi, ilikuwa mwezi wa saba, na Songea ya mwezi wa saba mnaijua, ukungu mpaka jua linachoka kupanda, nguo unaanika leo keshokutwa bado mbichi. Bukta yangu ya heshima, ile inayofika magotini, ilikuwa inachuruzika kwenye kamba. Nikasema ah, ni mazoezi tu, nani ananiona, nikachomoa sandukuni kibukta cha enzi nikiwa mwanafunzi, cha njano, cha kubana, kidogo kiasi kwamba sitakieleza zaidi maana kuna watu wazima hapa. Kufika hotelini, mwenye ufunguo wa chumba cha kubadilishia nguo hajafika. Badala ya kumsubiri nikavua traksuti pale pale, nikaitundika pamoja na taulo kwenye kiti cha plastiki kando ya bwawa, nikajitosa.

Maji yalikuwa ya kukata pumzi, lakini mazoezi yalikwenda vizuri. Siku hiyo tulifanya zoezi la kumwokoa mtu anayezama. Nikawaambia, kama ninavyowaambia siku zote, kwamba anayezama kweli hapigi kelele, kelele anapiga mwenye pumzi, kwa hiyo ukiona mtu yuko kimya, macho yamemtoka, mkono unapapasa juu ya maji, usimuulize maswali, nenda kamtoe, na hata akikataa mtoe hivyo hivyo. Zuhura akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Wakatoka, wakajifunga mataulo, wakaenda upande wa jikoni kunywa chai ya tangawizi, mimi nikabaki niogelee kidogo peke yangu.

Kuibuka, naona wahudumu wanapanga meza kando ya bwawa, vitambaa vyeupe, maua, chupa za juisi. Nikamuuliza mmoja, akasema ukumbi una semina kwa hiyo sherehe ya kipaimara imehamishiwa nje. Hapo ndipo ningetoka. Nilikuwa na nafasi kabisa ya kutoka! Nikasema ngoja nizunguke mara moja tu ndiyo nitoke, na nilipomaliza huo mzunguko nikainua kichwa nikaona akina mama wa sare ya jumuiya wanaingia getini wanaimba, na anayewaongoza ni mama yake Ester.

Nikazama mpaka kidevu. Nikasema moyoni watakaa kule mbali, nitanyemelea nguo zangu, nitaondoka. Mama yule akatembea taratibu kando ya bwawa, akazipita meza za mbali, akachagua kiti, akakaa, akaegemea. Kiti changu, jamani. Alikuwa ameegemea suruali yangu.

Nataka mnielewe hofu iliyoniingia. Ziwani tumewahi kukutwa na dhoruba, mimi na mjomba kwenye mtumbwi, na sikuogopa kama nilivyoogopa kiti kile cha plastiki. Mwanamume akionwa na mama mkwe yuko uchi (na kile kibukta kilikuwa uchi tu wenye rangi) hapewi mke, na mimi bila Ester sikuwa na mpango mwingine wowote wa maisha. Niliwahi kumwambia hivyo, akacheka, lakini nilikuwa sitanii. Kwa hiyo nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye kina kirefu, nikashika ngazi ya chuma kule mwisho, nikabakiza pua na macho.

Wakasali kabla ya chakula, na mama mkwe akisali anamkumbuka kila mtu, wagonjwa, wasafiri, marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Nikamwomba Mungu afupishe. Wakala. Akasimama mshereheshaji, akaita watu wa kutoa nasaha, wakatoa nasaha. Mimi vidole vya miguu nilikuwa sivisikii tena, meno yanagongana mpaka nikauma mkono yasisikike. Kuna wakati mama aligeuka akatazama maji, nikazama mzima mzima, nikakaa huko chini kifua kinawaka, na nilipoibuka kutafuta hewa msuli wa mguu ukanibana. Ukabana na wa pili. Nikaiachia ngazi bila kutaka, nikainyoshea mkono, mkono ukapapasa maji, nikameza funda la kwanza.

Hapo, wenzangu, hofu ya mama mkwe ikapata mwenzake. Nilijua kabisa kinachotokea, maana nakifundisha. Nilitakiwa kupiga yowe. Na nikapima, naapa nikapima kweli, yowe na kile kibukta, nikaona nijaribu kwanza kuifikia ngazi kimya kimya.

Zuhura akarudi kuchukua viatu vyake. Akanitazama. Nikamtolea macho asiniite jina, nikatikisa kichwa, nikampungia mkono aondoke, na kila nilichofanya kilikuwa kile kile nilichomfundisha asubuhi hiyo hiyo. Sikuona ameruka saa ngapi. Nilisikia mkono umenipita kwapani na sauti yake sikioni.

"Tulia Kocha, nimekushika."

"Niache," nikamwambia. "Zuhura, niache."

Hakuniacha. Si nilisema hata akikataa? Akanivuta kiufundi kabisa, kidevu juu, mgongo wangu kifuani kwake, akapiga maji kuelekea upande wenye ngazi pana, upande wa meza. Methodi naye akaja mbio anaita "Kocha anakufa", nyimbo zikakatika, na hao wawili wakanitoa na kunilaza chali juu ya saruji karibu kabisa na kile kiti, nikiwa na kibukta changu cha njano na Jumamosi yote ya Mungu ikinitazama.

Nilikuwa mzima. Nilikuwa nimekohoa maji yote na ningeweza kukaa kabisa, lakini nikafumba macho. Nikasema moyoni mtu aliyezimia haulizwi kitu, labda watanibeba na kunipeleka mbali. Methodi akaanza kunikandamiza kifua kwa nguvu zake zote, huku akina mama wanasali juu yangu sala ile ya mtu anayekata roho, na mimi naisikia neno kwa neno. Nikaogopa kwamba nikiendelea hivi watanimaliza kweli, na nikifumbua macho nimejimaliza mwenyewe. Halafu sala ikakatika katikati.

"Huyu ni mkwe," akasema mama yake Ester.

Nikasikia viti vinaburuzwa, na nilipochungulia kwa jicho moja niliona migongo tu, akina mama wote wamenigeukia visogo kwa heshima ya mwenzao. Kitu cha joto kikaniangukia. Ni kitenge, kile cha juu alichokuwa amejifunga kiunoni, amekirusha nyuma bila kugeuka.

"Binti," akamwambia Zuhura, amenipa mgongo, "mwambie ajifunge vizuri. Na mwambie kope zake zinacheza."

Traksuti nani angekwenda kuichukua pale? Nilirudi nyumbani kwa bodaboda nimejifunga kitenge cha jumuiya ya akina mama, nimekatiza mji mzima hivyo, na dereva alikuwa muungwana hakuuliza. Jioni Ester akapiga simu. Nilidhani ananiaga. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kweli cha njano?" Nikakata simu kwa aibu, na siku zilizofuata nilikuwa siwezi kula, kila pikipiki ikisimama nje najua ni Mzee Komba ameleta maneno ya kukataliwa.

Mzee Komba akaja kweli. Akakaa, akaomba maji ya kunywa (nikamtazama vibaya), akanieleza polepole kwa makusudi. Wajomba walitaka posa ivunjwe, wakasema mtu gani huyu asiye na haya. Mama akawasikiliza mpaka wakachoka. Halafu akasema yeye aliona mtu anakufa maji kwa kumwogopa mkwe, na akaona watoto wa watu wakiruka bila kujiuliza kumtoa, na waliofundishwa hivyo wamefundishwa na mtu. Akasema alikuwa na wasiwasi wa kumtoa binti yake kwa mtu asiyemjua, na sasa amemjua kupita alivyotaka. Nitoe jogoo wa kuondoa aibu, nije kupokea jibu langu mwenyewe.

"Ila amesema," akamalizia Mzee Komba, hana hata tabasamu, "safari hii uje umevaa."

Nilikwenda na suti ile ile, ndani yake suruali nyingine. Kitenge nilikifua kwa mikono yangu na kukipiga pasi nikirudishe, kikakataliwa, maana mkwe akishakivaa mama hawezi kukivaa tena, akasema kibaki kwetu. Siku hizi Ester anakitumia kumbebea mtoto. Mama akija kumsalimia mjukuu akakiona, anageuka ukutani, na mabega yanamtikisika muda mrefu kabla hajamwambia mtoto amwambie baba yake kwamba bibi amefika. Na mimi nazidi kufundisha, sijaacha, ila suruali sitaitundika tena kwenye kiti mpaka nazikwa, naining'iniza kwenye ngazi ya bwawa, pale ninapoweza kuigusa nikiwa majini.